Milango Arobaini na Mmoja ya Bustani ya Mji

Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, mtunza bustani alikuwa akifagia majani karibu na bembea alipokuta mlango umesimama katikati ya nyasi. Ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubabuka, na komeo lake lilikuwa limeshika kutu. Haukuwa na ukuta kulia wala kushoto. Aliuzunguka mara mbili, akaona nyuma yake ni nyasi zilezile, akafagia kizingiti pia maana kilikuwa kimekusanya majani. Halafu akaenda kuangalia bomba la pili, lililokuwa likivuja tangu Ijumaa huku fundi akiahidi kuja kesho ya kila siku.

Kufikia Alhamisi milango ilikuwa kumi na tisa. Jumamosi ilifika arobaini na mmoja, ikakoma. Mingine ilisimama kando ya mabenchi, miwili mbele ya choo cha wanaume, na mmoja ndani ya bwawa la samaki, maji yakifikia bawaba yake ya chini. Waliokuja kupumzika waliizoea upesi. Walitundika makoti kwenye makomeo, wakaegemeza baiskeli. Ni mama mmoja tu aliyelalamika, kwamba ule wa kijani unamkinga asimwone mwanawe akibembea.

Aliyeutambua ule wa kijani ni mama yake mtunza bustani. Jumanne ileile alikuja saa saba na kikapu cha chakula cha bintiye, kama alivyokuja kila mchana, akakitua chini.

"Mlango wangu huu," alisema.

"Nilihisi. Una lile pengo la panya ulilokuwa ukinisimulia."

"Panya gani? Hilo ni la baba yako na shoka, siku alipopoteza ufunguo. Panya nilimsingizia tu, nikimfichia aibu."

Mama akabisha hodi kwa adabu, akajijibu mwenyewe karibu, akafungua. Upande wa pili hakukuwa na nyasi. Kulikuwa na chumba kimoja, jiko nyuma yake, na dirisha lililotazama uchochoro. Kalenda ya ukutani ilikuwa ya miaka thelathini na minne iliyopita. Maharage yalikuwa yamelowekwa kwenye sufuria na hayajafura bado. Kwenye kamba kulianikwa fulana ya mtoto mchanga. Mtunza bustani aliigusa, akaikuta bado mbichi. Ilikuwa yake.

"Isogeze ipate jua," mama alimwambia, akatafuta kibiriti mahali alipokuwa akikiweka, akakipata.

Langoni pa bustani kuna jiwe, na juu yake imechongwa kwamba bustani hii ilianzishwa kwenye ardhi tupu kwa burudani ya wananchi. Historia ya bustani ni hiyo, sentensi moja. Wenye umri mkubwa wanajua ndefu kidogo. Halmashauri ilimtuma mpima ardhi kuhesabu watu wa pale kabla ya kuamua lolote. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Katika kila nyumba alibisha hodi mara tatu, na alipokosa jibu alirudi nyuma hatua mbili na kuondoka, kama mtu mstaarabu apaswavyo. Siku hiyo mtaa mzima ulikuwa umekwenda kumzika mwoka mikate, na hakuna aliyebaki nyuma, kwa sababu hakuna ambaye hakuwahi kula mkate wake. Mpima ardhi alibisha hodi mia moja ishirini na tatu. Jioni aliandika kwenye fomu: hakuna watu. Baada ya miezi miwili matrekta yalikuja. Watu walipiga kelele sana, lakini dereva wa trekta la kwanza alionyeshwa fomu, akaisoma, akaendelea. Waliahidiwa viwanja ng'ambo ya mto, watakapoonekana kwenye rekodi. Tangu hapo mama alikuwa akipanga chumba nyuma ya gereji, akingoja kuonekana.

Kwa hiyo Jumatatu mtunza bustani alivaa gauni lake zuri, akaenda kwa karani wa halmashauri. Watu wanamwita Kwa Mujibu, kwa sababu hana namna nyingine ya kuanza sentensi.

"Nyumba zetu zimerudi, bwana mkubwa," alimwambia. "Milango ipo, vyumba vipo, hata maharage. Tunaomba rekodi isahihishwe, wazee wapewe viwanja vyao."

"Kwa mujibu wa rekodi pale palikuwa patupu," karani alisema. "Asiyekuwepo na lake halipo, dada yangu."

"Sasa yupo. Anapika."

Karani alifikiri, akagonga muhuri kwenye karatasi ambayo haikuhusika, mkono usikae bure. "Kwa mujibu wa taratibu, tutapima upya."

Mpima ardhi alikuwa amekwisha kustaafu, lakini waliitwa wengine wawili na wote walisema hawaijui ardhi ile. Akaletwa yeye, na fimbo mbili na utepe wake wa kupimia. Alipofika mlango wa kijani alibisha hodi. Sauti ya ndani ilimkaribisha kabla hajaifikisha ya pili, akasimama kidogo, kama mtu aliyekosea ngazi. Kisha akaingia, akavua kofia.

"Safari ile nilibisha mara tatu, mama," alisema alipokwisha kukaa.

"Tulikuwa mazikoni."

"Sikujua. Mimi nilifundishwa kwamba mara tatu zikipita, unaondoka."

"Na mimi nilifundishwa hivyohivyo, baba. Lakini unaondoka. Huandiki."

Mama alimpakulia maharage, naye akala yote, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. Halafu akaweka fomu juu ya goti, akaandika: mlango wa saba, yupo mtu mmoja, mwenyeji, anapika. Neno mwenyeji alilipitia kalamu mara ya pili ili likolee. Alifanya vile siku tatu, mlango hadi mlango, na kila mahali alikuta mtu, maana habari ilikuwa imeenea na wenye milango wamerudi. Pale ambapo wenyewe walikuwa wamekufa, walikuwapo watoto wao. Kwa mwoka mikate tu hakukuwa na mtu wa kuonekana, lakini aliitikiwa vizuri, na harufu ya mkate ilimfuata hadi langoni. Akaandika: yupo.

Mtunza bustani alishona nguo mpya ya mama yake, ya kwendea kuchukua kiwanja.

Halmashauri ilikaa, ikaipokea taarifa kwa kauli moja, ikamsifu mpima ardhi. Kwa kuwa taarifa ilihusu bustani, iliingizwa kwenye jalada la bustani, na jalada la bustani lina orodha moja tu. Wiki iliyofuata kibao kipya kilisimikwa chini ya lile jiwe. Kilisema kwamba bustani ina huduma zifuatazo: mabenchi tisa, bembea nne, mabomba mawili, vyoo viwili, bwawa la samaki, na milango arobaini na mmoja pamoja na wenyeji wake. Wageni waliombwa kubisha hodi na kutokanyaga maua.

Mtunza bustani alirudi kwa karani.

"Umeridhika?" karani aliuliza. "Wapo kwenye rekodi."

"Nimeona. Na viwanja?"

"Kwa mujibu wa kanuni, viwanja ni vya waliohamishwa. Hawa rekodi inaonyesha wako palepale."

"Basi waachwe walale kwao."

"Bustanini hakulali mtu. Kwa mujibu wa kanuni, saa kumi na mbili jioni inafungwa." Alimtazama kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Na anayefunga ni wewe, dada."

Jioni hiyo mtunza bustani alianzia kwenye bwawa, akapita akibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Watu walitoka bila ubishi, wakibeba vyombo na watoto, wakaaga, wakaelekea walikopanga. Kwa mama yake alimalizia. Alimkuta anasugua sufuria kwa majivu, na ile nguo mpya imekunjwa juu ya kitanda.

"Muda umekwisha, mama."

"Nimalizie hii, isije ikaganda."

Alingoja kando ya dirisha. Fulana ilikuwa imekauka, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akaitoa na kuiweka juu ya ile nguo, kwa sababu mali ya bustani haitolewi nje. Mama alifunika jivu, akajitanda shuka begani, akachukua ufunguo pale ukutani, akatoka. Alifunga mlango wake, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili asubuhi. Wewe njoo kumi na moja na nusu, nitakufungulia."

"Kanuni hazitakukataza?"

"Zitakuwa bado zimelala."

Mama alicheka kidogo, akampa ufunguo. Mtunza bustani alimsindikiza hadi langoni, akamtazama akivuka barabara kuelekea gereji. Halafu akaingia kwenye kibanda chake na kuutundika ufunguo kwenye msumari, kati ya ule wa choo cha wanawake na ule wa ghala la majembe.