Usingizi wa Dereva Abdiel

Abdiel alisinzia akiwa amesimama. Alikuwa wa nne kwenye foleni ya dirisha la mafaili, katika hospitali moja ya Themi, saa mbili na nusu asubuhi. Paji la uso liligusa bango la chanjo ukutani, kadi ya bima ikamdondoka. Mkewe Agnela aliiokota, akamfinya ubavuni.

"Baba Brenda, songa mbele. Watu wanakuangalia."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unakoroma."

Bibi mmoja mwenye mtandio wa kijani akacheka, na Abdiel akacheka naye. Kukoroma kwake kulikuwa kichekesho cha siku nyingi. Madereva wenzake wa watalii walimwita Jenereta, wakagoma kulala naye hema moja, wakadai simba hawasogelei kambi aliyolala Jenereta. Asubuhi hii hakuona la kuchekesha, lakini mtu aliyewachekesha watu miaka kumi na tisa hawezi kuacha ghafla bila kuulizwa kulikoni.

Kila mwaka kabla ya wageni kuwa wengi, kampuni ilitaka fomu ya afya iliyosainiwa. Mwisho ulikuwa leo saa kumi jioni. Kesho alfajiri alitakiwa kuondoka na wageni sita kwenda Serengeti, siku saba. Mwezi uliopita daktari alikataa kusaini kwa sababu ya presha, akamwongezea kidonge cha tatu na kumwambia jambo la ajabu: ukirudi, njoo na unayelala naye.

Daktari huyo, Dkt. Kandida, alikuwa msichana mwembamba, amempita Brenda binti yao kwa miaka michache tu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Alimpima presha mara mbili, mkono wa kushoto kisha wa kulia. Mia moja sabini na nane kwa mia moja kumi na mbili.

"Dawa unameza kweli?"

"Anameza mbele yangu," Agnela alijibu. "Nasimama hapo mpaka kidonge kishuke kooni."

"Sukari nayo imeanza kupanda. Usiku anaamka kukojoa mara ngapi?"

"Nne. Tano. Na asubuhi kichwa kinamgonga."

"Mama, anapolala, umeona nini?"

Agnela alitoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza, akabonyeza. Abdiel hakujua kwamba amerekodiwa.

Kwanza ulikuwa mkoromo wenyewe, mzito, ule wa kuchekesha. Kisha ukakatika. Mbwa alibweka mbali ndani ya simu. Kwenye korido nesi aliita namba, mtu akaburuta benchi, na kutoka kwenye simu hakuna pumzi iliyotoka. Dkt. Kandida alikuwa akitazama saa ya ukutani. Ndipo ikasikika sauti ya Agnela, ya chini, ya mtu asiyetaka kuwaamsha wengine: "Baba Brenda. Vuta. Vuta basi, jamani." Kimya tena. Halafu mkoromo ukarudi kwa kishindo, kama mtu anayetolewa kisimani.

"Sekunde arobaini na moja," daktari alisema.

"Hiyo ni fupi," Agnela akasema.

Abdiel alibaki ameitazama simu. Mkoromo ule aliufahamu. Haukuwa wake, ulikuwa wa baba yake, Mzee Sifaeli, nyumbani Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa. Mzee alikoroma mpaka majirani wakajua yupo, na mama alijivunia: nyumba ina mwenyewe, alisema, wezi wapite mbali. Wageni wa Krismasi waliulizana asubuhi kama wamemsikia mzee, naye alichekelea. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anayekoroma hivyo anatafuta hewa. Abdiel alikuwa na miaka kumi na miwili, chumba chake kilitenganishwa na cha wazazi kwa ubao tu, na mama alikuwa amekwenda kwenye msiba. Usiku huo mkoromo ulikatika haukurudi. Alifurahi. Alimshukuru Mungu, akavuta blanketi, akalala vizuri kuliko siku zote. Asubuhi alipompelekea baba chai alimkuta amepoa. Waliozika walisema mzee ameondoka kwa amani, usingizini, na Abdiel aliibeba ile shukrani yake ya usiku peke yake kwa miaka thelathini na saba.

"Baba, unanisikia?" Dkt. Kandida aliuliza. "Koo linajifunga ukiwa umelala, hewa haipiti. Mwili unashtuka, unavuta, linajifunga tena. Usiku kucha moyo unakimbizwa. Vidonge peke yake vitashindaje hapo? Presha, sukari, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kiharusi, vyote vinaweza kupitia mlango huo. Na mchana usingizi unakudai. Umewahi kusinzia ukiendesha?"

"Hapana," Abdiel alijibu haraka.

Daktari aliandika barua: kipimo cha usingizi, na mashine yenye barakoa ya kusukuma hewa kooni usiku. Fomu hakuisaini. "Ukianza matibabu, usingizi wa mchana ukiisha, nitasaini kwa mikono miwili," alisema, na ilionekana kweli inamuuma.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo jirani. Kijana mwenye beji iliyoandikwa Lucky aliwaamkia vizuri, akaisoma barua, akabonyeza kompyuta kwa muda mrefu.

"Mashine haimo, mzee wangu. Mfumo unaisoma kama kifaa cha kulalia. Iko kundi moja na godoro."

"Godoro?" Agnela aliuliza.

"Mama, si mimi, ni mfumo."

"Na nikipata kiharusi?" Abdiel akauliza.

Uso wa Lucky ulichangamka, kama wa mtu aliyepata hatimaye habari njema ya kutoa. "Kiharusi kimo! Kulazwa, dawa, mazoezi ya viungo, vyote vimo. Hapo usiwe na wasiwasi kabisa."

Walishuka ngazi. Nje jua lilikuwa kali. Agnela alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, akaukumbatia mkoba.

"Nenda ofisini ukawaambie ukweli."

"Nikiwaambia sina kazi, Mama Brenda."

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Miaka minne sijalala usingizi wa kueleweka, nakusikiliza. Hata mchana nikishona, cherehani ikinyamaza nashtuka, nadhani ni wewe." Akamgeukia. "Huko porini nani anakuambia uvute?"

Abdiel alitazama viatu vyake. Kisha akamwambia lile ambalo hakumwambia mtu. Mwezi wa tatu, mbele kidogo ya Makuyuni, aliona mtoto wa Kimasai na mbuzi kwa mbali. Mara akasikia kokoto chini ya gurudumu, na mtoto alikuwa nyuma yake, kwenye kioo, amesimama. Katikati hapakuwa na kitu. Hakumbuki kumpita.

"Wageni wangapi ndani?"

"Wanne. Nao walikuwa wamelala."

Agnela aliweka kiganja mdomoni. Hakumgombeza, na Abdiel aliona heri angegombezwa.

Saa tisa na nusu alikuwa kwenye ofisi ya kampuni, kata ya Sokon I, peke yake, mbele ya Jackline, meneja wa safari. Jackline alisikiliza habari za daktari hadi nusu.

"Mzee Abdiel, huyo daktari wako anasoma vitabu sana. Mbona una-stress hivyo? Kuna daktari wetu kule stendi, dakika kumi anagonga muhuri. Wewe saini hapa tu."

Alisukuma fomu mpya. Ndivyo ilivyofanyika miaka yote: maswali ishirini, na mbele ya kila swali neno *Hapana* limeshachapwa, ili kuwaokolea madereva muda. Una kifafa? Hapana. Una ugonjwa wa moyo? Hapana. Abdiel alikuwa amesaini fomu kumi na tisa za namna hiyo na kushukuru kwa wepesi wake. Swali la kumi na moja: Je, husinzia mchana? Alishika kalamu. Alimwona mtoto kwenye kioo. Akakata *Hapana*, akaandika *Ndiyo* pembeni, akasaini.

Jackline aliitazama karatasi.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Hii siwezi kuiweka kwenye faili. Wakiikagua, wataniuliza kwa nini nina dereva wa hivi." Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye droo, akanyoosha mkono. "Ufunguo. Nenda ukapumzike, mzee wangu. Ukipona, karibu." Hakuwa na ubaya usoni. Abdiel hajatoka mlangoni, Jackline alikuwa ameshampigia simu Lesian, dereva mwenzake.

Abdiel alishuka uani kutoa vitu vyake kwenye gari: darubini, koti, Biblia ndogo. Lesian alimkuta hapo. Alikuwa Mwarusha, wa upande wa magharibi wa mlima uleule wa Nkoaranga, umri wa miaka thelathini na sita, shingo nene, macho mekundu. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake.

"Pole, kaka. Jackline kaniambia."

"Nimeandika ndiyo. Ile ya kusinzia."

Lesian alitupa jicho dirisha la juu. "Hata mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Juzi kati nilishtuka niko upande wa lori linalokuja. Mke wangu anasema usiku nakabwa na jinamizi."

"Si jinamizi, Lesian. Na fomu?"

"Nilisaini wiki iliyopita. Nina watoto watatu." Akauzungusha ufunguo kidoleni. "Utanisemea kwa Jackline?"

Abdiel alizitazama ngazi. Akipanda, Jackline angepiga simu nyingine, na fomu ya dereva huyo wa tatu nayo ilikwisha chapwa *Hapana*. Alijiambia hivyo, na aibu ikamshika kwa sababu aliona jinsi maneno yalivyomjia kirahisi.

"Simama kila baada ya saa moja," alisema. "Nawa uso. Wageni wakinung'unika, waambie injini inapoa."

"Ratiba haina nafasi hiyo, kaka. Siku ya mwisho wana ndege."

Lesian aliingia, akajaribu breki. Kisha akavuta kiti mbele, maana miguu yake ni mifupi kuliko ya Abdiel.