Nakala za Mjomba

Mashine ilianza kulalamika asubuhi kwa sentensi moja tu: hakuna nafasi kwenye diski. Mimi ndiye fundi wa seva za chuo, na sentensi hiyo nimeiona mara nyingi kuliko ninavyouona uso wa mke wangu. Sikushtuka. Mjuaji hashtuki.

Kwenye seva hiyo, kwa upendeleo wangu, ilikuwamo kazi ya mjomba. Mjomba ni seremala mstaafu, na kwa miaka kumi na mmoja alikusanya maneno ya useremala kutoka kwa mafundi wazee, maneno elfu nne na ushee. Wazee wale karibu wote wameshazikwa. Yeye mwenyewe macho yamemwisha. Madaftari yake tuliyachoma baada ya kuyanakili, na aliyeshauri ni mimi. "Mjomba, karatasi huliwa na mchwa," nilimwambia. "Kwenye seva nakala inatolewa kila siku."

Basi niliiuliza mashine nini kimekula nafasi, ikanijibu: folda ya akiba, zinakowekwa nakala. Mwenye akili angesimama hapo. Folda ile ni mlango tu wa kuingilia diski ya nje, na diski ya nje haiwezi kuijaza ya ndani. Lakini simu zinaita, walimu wamejaa ofisini, kila mtu ana haraka. Nikajisemea, hizi ni nakala tu, kazi zenyewe zipo. Nikazifuta zote. Seva ikaamka, watu wakashukuru, nami nikavimba kichwa.

Saa sita binti yake mjomba, anayemwandikia, akanipigia.

"Kaka, faili la baba limefunguka tupu."

Nikalitazama. Ukubwa wake: sifuri. Asubuhi binti alikuwa ameongeza neno moja na kuhifadhi. Programu ikafuta faili la zamani ili iandike jipya, ikakuta hakuna nafasi, ikaliacha hivyohivyo.

Nikaikimbilia diski ya nje. Tupu. Miaka miwili iliyopita, tulipoleta mashine mpya, niliiunganisha diski hiyo kwa mkono, kwa amri moja, nikasahau kuandika mstari unaoiamuru mashine iiunganishe kila inapowaka. Umeme ulikatika siku ileile, mashine ikawaka tena bila diski hiyo. Tangu hapo nakala zilikuwa zinarundikana kwenye diski ya ndani, na kila siku napokea ujumbe: nakala zimekamilika. Akiba haiozi, walisema wahenga. Hawakunijua mimi.

Kwa siku tatu nilijaribu kufufua nilivyofuta. Seva ilikuwa imeshaandika mambo mengine juu yake. Nilipata vipande: nusu ya neno, mkia wa maelezo. Nililia, sioni aibu kusema.

Siku ya nne nikaenda kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sauti hiyo imefiwa na nani?"

"Nimepoteza kazi yako."

"Ipi?"

"Yote."

Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa meza, taratibu, kama anayetafuta kibanzi.

"Hata maneno ya yule fundi mzee wa vitanda?"

"Hata hayo."

Afadhali angenitukana.

"Haya, chukua kalamu," akasema. "Kichwa si kipo? Andika. Tezo. Jiriwa. Keekee. Pimamaji."

Nikaandika. Hayo majina ya zana hata muuza misumari anayajua, lakini sikumwambia. Akataja mengine kama ishirini, yote ya namna hiyo, kisha akapunguza mwendo.

"Sasa kile kiungo cha mguu wa kitanda, kisichotaka msumari wala gundi. Mzee wa vitanda alikiita..." Akafungua kiganja, akangoja. "Alikiitaje?"

Jina hilo nililinakili kwa mikono yangu mwenyewe kutoka kwenye daftari. Sikukumbuka. Nikamwangalia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa.

"Mjomba, uliniuliza jina?" nikasema.

"Wewe uliliandika," akasema. "Lilikuwa neno fupi."

Tukakaa watatu tukilitafuta, mpaka akaniambia niende nyumbani.