Firigisi kwenye Sahani ya Musimbi

…hapana, ni mvuke wa ugali unamchezea macho, maana firigisi haiwezi kuwa pale, mahali pa firigisi ni sahani ya Mzee Shitanda, ndivyo imekuwa tangu Ayuma aolewe katika boma hili la Shinyalu, kila kuku aliyechinjwa, wa Krismasi, wa matanga, wa mgeni wa ghafla, yeye hunyonyoa, hupasua, hupika, na hiyo firigisi, imondo kama wanavyoiita wao, huilaza juu ya nyama zote ili Hezekiah mume wake aione mara moja, aichukue kwa vidole viwili, ampe kaka yake mkubwa, na leo ameichukua kwa vidole vile vile, mkono ukaenda, ukafika mbele ya Shitanda, Shitanda ameshasogeza sahani yake, ukapita… ukapita, ukaenda hadi mwisho wa meza, kwenye sahani ya Musimbi, binti yao, mtoto wa kike, na Hezekiah akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Chukua, Musimbi. Leo neno ni lako," na sasa hakuna anayetafuna, hakuna hata anayemeza, Ayuma amesimama mlangoni na birika la kunawia mkononi, maji yanamdondokea kwenye kidole cha mguu, tone, kisha tone, na haliinui birika, kwa sababu kila mtu katika chumba hiki anajua maana yake, katika boma hili anayekula imondo ndiye anayesema neno la mwisho juu ya jambo lililowakutanisha, na jambo lililowakutanisha leo baada ya kanisa ni huyu huyu Musimbi, aliyefaulu kidato cha nne, hesabu juu, fizikia juu, na sasa shule moja ya Nairobi inamtaka kidato cha tano upande wa sayansi, akitoka huko aende kusomea uinjinia, na Mzee Shitanda amekuja kusema hapana.

Ayuma alijua mzee atasema hapana, wote walijua, alianza kuisema kabla ya kuketi, "Injinia! Apande nguzo za simu na sketi yake, na sisi tusimame chini tunaangalia mbingu?" wakacheka, hata Ayuma alicheka huko jikoni, alicheka kweli, maana mzee ana mdomo, "Mimi sikatai kazi, unesi ni kazi, ualimu ni kazi, wasichana wa Iguhu wako pale hospitali wanadunga watu sindano na wameolewa vizuri, lakini hii fizikia, Hezekiah, hii fizikia itaolewa na nani?" na Ayuma akiwa anageuza ugali alitikisa kichwa akakubali, itaolewa na nani, kwa kuwa chuo cha ualimu si mbali, mtoto angekuja nyumbani likizo, angejenga karibu, angezaa, na yeye angemshika mjukuu, basi akailaza firigisi juu ya bakuli kwa mkono wake mwenyewe akijua inaenda wapi na itasema nini, na alikuwa ameridhika… na sasa ona, ona mkono wa Hezekiah ulivyopita, Hezekiah ambaye hajawahi kukohoa kaka yake akiwa anaongea, Hezekiah ambaye Shitanda alimwachia dawati la shule siku walipomzika baba yao, akasema mmoja lazima alime na mmoja asome, nitalima mimi, na amelima, viganja vyake vimekuwa kama magome, huyo mzee ndiye wa kupitwa mbele ya watu kama mlango uliofungwa, Mungu wangu, Baba Musimbi, umefanya nini, angeniambia, angeninong'oneza hata jana, ningeificha hiyo firigisi, ningesema paka ameila, ingawa kuacha paka ale imondo ni kosa la kumrudisha mwanamke kwao, wako waliorudishwa, afadhali hivyo.

Musimbi haigusi. Anaitazama tu, si kwa woga, anaitazama vile anavyotazama vitu, kichwa kimeinama upande kidogo, vile alivyoitazama asubuhi jikoni, "Mama, nipe mimi niipasue," akaipasua kwa kisu, taratibu, akamwaga zile changarawe kwenye kiganja, akaziosha, "Umewahi kuona zilivyo laini? Ziliingia zikiwa na makali. Kuku hana meno, hizi ndizo zinamsagia mahindi, na ngozi hii ndiyo inazisukuma, ni kinu, mama, ni kinu kizima," na Ayuma akamwambia, "Chakula hakiulizwi maswali, lete maji," akacheka, mtoto naye akacheka, akaleta maji, ndivyo alivyo, haachi kuuliza na haachi kuleta maji, akiwa mdogo, gogo la kuvukia mto lilipovunjika aliuliza kwa nini limevunjikia katikati na si pembeni, wakati watu wote walikuwa wanauliza nani alikuwa juu yake… "Chakula kinapoa," amesema mtu, ni Hezekiah, amesema akitazama meza, masikio yake yametoka jasho, kumbe anaogopa, kumbe hata yeye anaogopa, anaogopa na bado amefanya, tangu lini, ni lile jambo la mashine, ndiyo, ni ile mashine ya maji huko mjini anakofanya kazi, tangu ile wiki aliporudi nyumbani akakaa na viatu vyake hadi uji ukaganda, yule injinia mzungu wa maji alikuwa amekwenda kwao, watu wameshapandisha bendera ya uhuru, wameshaimba, na mashine ikasimama, "Tulisimama tukaizunguka, Mama Musimbi, wanaume wazima, tukaitazama kama ng'ombe aliyekufa, na mtaa wote wa Amalemba wanawake wanashuka mtoni na debe," alisema, kisha akaongeza, "Kile kiti cha mzungu kiko pale, kinafutwa vumbi kila asubuhi, na hakuna wa kukikalia," na yeye Ayuma akadhani anaongea habari za kiti.

"Hata kanisani," Shitanda anasema sasa, polepole, kwa upole wa kutisha, "hata kanisani walipowafungulia wanawake mwiko wa kuku, walisema kuku. Hawakusema hii," na ni kweli, walifunguliwa, Ayuma anakumbuka, akiwa bado mtoto mdogo kwao, mchungaji akisema Mungu hakumuumba kuku kwa ajili ya wanaume peke yao, na wanawake wakala, wengine wakatapika kwa woga kisha wakala tena, shingo wakala, mabawa wakala, miguu, lakini imondo haikusemwa, na hakuna aliyeuliza, ilikaa tu hapo juu ya bakuli, na yeye ameosha firigisi ngapi, ameikwangua ile ngozi ya njano kwa kucha mpaka kucha zikabadilika rangi, na hajui ladha yake, hajui kama ni ngumu, kama ni tamu, kama iko karibu na ini au karibu na nyama, hajawahi hata kutaka kujua… hajawahi kutaka, hapo, hapo pana kitu, kimemshika hapo kama mwiba kwenye kanga, Patroba, ni Patroba, kaka yake, yule kuku wa Patroba kule kwao Iguhu, alipofaulu darasa la sita, na Ayuma ndiye aliyekuwa anamfanyia hesabu zile, si kumsaidia, kumfanyia, jioni nyuma ya ghala, kwa punje za mahindi, yeye mwenyewe alikaa darasani miaka miwili tu kabla baba hajamtoa, lakini hesabu zilikuwa zinakuja zenyewe, anazisikia zikija kama mtu anayepiga makofi, moja inaita nyingine, Patroba anasoma swali, yeye anapanga punje, Patroba anaandika, na Patroba akafaulu, na mwalimu akaja nyumbani, na kuku akachinjwa, na ni yeye Ayuma aliyemnyonyoa, na imondo akala Patroba, mafuta yakamtiririka hadi kidevuni, wakamwita Patroba kichwa cha ukoo, na yeye alikuwa amesimama mlangoni, hivi hivi, na birika, hivi hivi…

na alifurahi. Hakuumia. Hilo ndilo linalomuuma sasa, si kwamba walimnyima, ni kwamba alifurahi, alipiga kigelegele, akashika shingo yake ya kuku akaifyonza mfupa kwa mfupa akamshukuru Mungu, na hakuna siku hata moja, alipoolewa, alipozaa, alipolima, alipopika, hakuna siku alijiambia zile hesabu zilikuwa zangu, mtu anawezaje kuibiwa akacheka, mtu anawezaje kuinama akidhani amesimama, na asubuhi hii hii, jamani, asubuhi hii hii amemwambia mtoto chakula hakiulizwi maswali, akailaza firigisi juu ya bakuli, akaridhika, akaridhika…

"Mama Musimbi." Ni Shitanda. Anamwita yeye. Mzee hamwiti shemeji yake mezani, si desturi, na sasa amegeuka kabisa kwenye kiti, anamtazama, na usoni mwake hamna hasira, mna kitu kibaya zaidi, mna ombi, anajaribu hata kutabasamu, "Mama Musimbi, huyu mume wako naona macho yameanza kuzeeka. Hata sahani ya mkubwa haioni. Hebu tusaidie hapo," na kicheko kidogo kinapita mezani, cha watu waliotupiwa kamba mtoni, Hezekiah hacheki, na Ayuma anaona mlango uliofunguliwa, mlango mpana, mzee ameufungua kwa heshima, ni hatua chache tu, atavuka, atasema pole mzee, atachukua ile firigisi kutoka kwa mtoto na kuiweka inapokaa, watacheka sana, itakuwa hadithi ya miaka mingi, siku ile Hezekiah alipokosea sahani, na Musimbi atakwenda chuo cha ualimu, na atakuja likizo, na atajenga karibu, na siku moja binti wa Musimbi atasimama mlangoni na birika, atafurahi… Musimbi ameinua macho, anamtazama mama yake, hasemi nisaidie, hasemi niache, anamtazama tu na kichwa kimeinama upande, vile anavyotazama kitu ambacho bado hajakijua kinafanyaje kazi, na firigisi iko pale, haijaguswa, mafuta yameanza kuganda ukingoni, na miguu ya Ayuma haiendi, anaiambia nenda, haiendi, kisha haiambii tena.

"Ameona vizuri, mzee," anasema.