Utundu si Hila

Barua ilikuwa fupi, mistari sita tu, lakini Mama Pindo aliisoma kwa kidole, kama anayepapasa kitambaa kutafuta kasoro. Upande wa pili wa meza alikaa msimamizi wa karakana, kijana mwenye koti lililonyooka, amemnyooshea kalamu.

"Umefika wapi, mama?"

"Mstari wa nne."

"Dakika kumi sasa."

"Nilianza kusoma nina miaka hamsini na mbili, mwanangu. Dakika kumi ni mbio."

Mstari wa nne ulisema kwamba yeye, fundi mkuu wa meza ya kukatia, alimfanyia msimamizi hila kwa nia ya kumdhalilisha mbele ya mteja. Akitia saini, angebaki kazini na onyo ndani ya faili. Asipotia, afungashe virago siku hiyo hiyo.

Tendo lenyewe halikuwa na siri. Katika karakana ile ya kushona sare, kila mgeni akimaliza mwezi wa kwanza hushonwa. Wenzake huvizia koti lake likiwa limetundikwa msumarini, wakaufunga mdomo wa mkono kwa bandi, ule mshono mrefu wa muda ambao fundi hushikizia kitambaa kabla ya kukitia cherehani. Ukivuta ncha ya uzi, wote unateleza nje. Mwenyewe huingiza mkono, mkono ukagoma kutokea, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo ni mwenzao. Kifungo, yule mfupi wa meza ya vifungo, alishonwa mikono yote miwili na mpaka leo anajisifu.

Msimamizi alimaliza mwezi, wa pili ukapita, hakuna aliyethubutu. Mama Pindo akaona vibaya. Mtu anashinda nao kutwa, anakula peke yake, anatoka peke yake, kama kiraka kisicho na nguo. Jumatatu asubuhi akamshona. Alichokosea ni kimoja: hakujua kwamba mteja wa sare za shule angewahi kufika. Msimamizi alivaa koti mbiombio akaenda kumpokea, akanyoosha mkono wa salamu, na kilichomfikia mteja kikawa ngumi ya kitambaa. Mteja alicheka. Karakana nzima ikacheka. Yeye peke yake hakucheka.

"Neno hili silitaki," alisema Mama Pindo, kidole kikiwa kimetua.

"Lipi?"

"Hila. Andika utundu."

"Si yale yale?"

"Yangekuwa yale yale, usingeona taabu kubadili."

Msimamizi akashusha pumzi. "Mzaha mzaha hutumbua usaha, mama."

"Basi nionyeshe palipotumbuka, nikufunge bandeji."

Nyuma ya mlango, Kifungo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Pindo akaendelea. "Mwenye hila anachimba shimo ili wewe uingie na yeye afaidi. Mtoto mtundu anaficha kiatu cha babu yake, halafu anakaa palepale amtazame akitafuta. Babu akianza kuhangaika kweli, ni yeye huyo anayekimbia kukileta. Na fundi akisifiwa, watu husema ana mikono mitundu. Umewahi kusikia fundi akisifiwa mikono ya hila? Ningekuwa na hila ningekutia cherehani, mshono mara mbili, ukate kwa mkasi. Nilikupigia bandi."

Mwenye karakana akaingia, utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Mama Pindo, tia saini. Oda ya shule inangoja."

"Naomba nikasali kwanza."

Hakuna aliyeweza kumkatalia hilo. Akaenda kusimama katikati ya majora ya kitambaa cha bluu, akafumba macho. Bwana, kama ni kiburi kinachonishika mkono, kiondoe. Kama ni kweli, niache nayo.

Jibu halikuja kwa maneno. Kilichokuja ni kidole gumba chake mwenyewe, cheusi kwa wino. Miaka ishirini nyuma alikuwa mfuaji katika nyumba ya wageni. Akaletewa karatasi, akaambiwa ni ya likizo, weka dole hapa. Akaweka. Karatasi ilisema amekiri kuiba mashuka. Mji mzima wa wafuaji ukafungwa kwake. Kila alikobisha hodi kuomba kazi, karatasi ile ilikuwa imetangulia. Hakuwa ameiba hata leso. Alikuwa amewekewa neno mdomoni na hakujua hata linavyofanana.

Alipofumbua macho, kile alichoomba kiondolewe kilikuwa bado kipo. Akajua hakikuwa kiburi.

Akarudi ofisini, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya hila. Juu yake akaandika utundu, herufi baada ya herufi. Akasogea mbele kidogo, akakata kumdhalilisha, akaandika kumkaribisha. Ndipo akatia saini, jina lake lote, hakufupisha kitu.

"Umeharibu hati," alisema msimamizi.

Mwenye karakana aliivuta, akaisoma mara mbili. "Nikiikubali hii, kila mtu atakuja hapa kujiandikia barua yake."

"Wanaojua kuandika, ndiyo."

"Meza ya kukatia naichukua. Utapiga pasi mpaka mwaka uishe."

Hapo moyo ulimshuka. Meza ile ilikuwa imemchukua miaka tisa kuipata. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Pasi sina ugomvi nayo. Nipe adhabu yoyote ya mtundu, nitaibeba. Ya mlaghai siibebi, hata ukinifukuza sasa hivi."

Msimamizi alikuwa ameegemea mbele, anaisoma barua juu chini kutoka upande wake wa meza.

"Kumkaribisha nani?" aliuliza.

"Wewe. Kwani nilimshona nani?"

"Si mngeniambia tu?"

"Tungekuambia, ungekuwa mkutano."

Msimamizi aliutazama mkono wa koti lake. Hakucheka, lakini hakudai barua nyingine. Mwenye karakana akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaandika tarehe pembeni ya maneno yaliyokatwa, akapiga muhuri.

"Haya. Nenda pasini."

Mama Pindo hakuondoka.

"Bado nini tena?"

"Naomba nakala."

"Nakala ya nini wewe, na barua inakaa kwenye faili?"

"Ya kusoma," alisema Mama Pindo, akavuta kiti, akaketi kuingoja.