Mgeni Aliyetoka Kichwani mwa Dobi

Mama alikuwa akichuja chai ya asubuhi mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mtu mfupi, hana mzigo, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza damu kichwani mwa mumeo," alisema. "Presha ikipanda nabana mishipa, ikishuka naitanua. Kiharusi kimenitoa."

"Karibu ndani, shemeji," Mama alisema. "Chai nimeshatia sukari."

Baba, dobi wa hoteli kubwa, alikuwa amelala sebuleni. Kiharusi kilimpiga akiwa mbele ya pasi ya mvuke. Akilala, maneno yake yote yalikuwapo, ila yamechanganyika: kikombe alikiita jirani, na jirani alipokuja kumjulia hali, Baba aliomba asuuzwe. Akiinuka, damu iliteremka bila wa kuishika, na baadhi ya maneno yakateremka nayo. Yaliyoteremka yalikaa miguuni, yaliyobaki yakanyooka. Mtu akipita karibu aliyasikia yakinong'ona ndani ya kandambili.

"Si urudi tu?" Kitinda, binti yao wa mwisho, alimuuliza mgeni.

"Chumba changu kimekufa, mwanangu. Sasa damu inakwenda inakosukumwa."

"Na siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo. Nilibana mpaka mikono ikawa hivi. Baba yako aliomba ruhusa aende kliniki. Msimamizi akamwambia, nani haumwi kichwa? Kunywa maji, mashuka yanakungoja."

Mapajani Kitinda alikuwa na sare mpya. Msimamizi alikuwa amempa nafasi ya baba yake, pasi ileile, akasema pale hotelini wao ni familia moja. Asubuhi hiyo ndiyo angeanza.

Baba aliiona sare. Kitinda alipokuwa mdogo, alimwahidi kwamba siku yake ya kwanza kazini, kazi yoyote iwayo, nguo angempigia pasi yeye mwenyewe. Akaanza kujiinua.

"Piga umekaa basi, Baba Kitinda," Mama alimsihi.

"Dobi hapigi pasi amekaa," Baba alisema. "Huko ni kupapasa nguo."

Mgeni aliweka kikombe chini. "Akisimama, msinilaumu. Majina ya watu wa karibu ndiyo mazito. Yanazama kwanza."

"Akilala si yatarudi?" Mama aliuliza.

"Mengine hurudi. Mengine huzoea kule."

Baba alisimama. Mkono mmoja ulining'inia, Mama akamshika kiuno. Baba alishika pasi kwa mkono mzima, akaanza na kola, akaenda mabegani, akashuka mikononi, hakuacha kunyanzi hata moja. Mama alimuuliza kama amechoka, naye akamtazama kwa muda, akijaribu kukumbuka walionana wapi. Kisha akaitundika sare kwenye kiango na kumkabidhi bintiye kwa adabu.

"Haya, dada," alisema. "Mwambie mwenyewe nguo yake iko tayari."

"Asante, Baba," Kitinda alisema, akaipokea kwa mikono miwili.

Alivaa. Kisha alipiga magoti, taratibu, asiikunje sare, akatega sikio kwenye kandambili ya kushoto, mguuni mwa Baba. Jina lake lilikuwa humo, likiitwa kama mtu anavyoita akiwa chumba cha pili. Aliitika. Likaitwa tena, akaitika tena, mpaka gari la wafanyakazi lilipopiga honi nje.