Kiti cha Emil Kucera

Bakuli la mwisho lilikuwa la Rhonda Pelc. Kwenye kitako chake palibandikwa utepe mweupe wenye jina lake, maana mjini Holbeck ukifiwa, watu wanakuletea viazi vya kuokwa na jibini katika mabakuli yao wenyewe, na baada ya mazishi ni juu yako kupita mlango kwa mlango ukiyarudisha. Verna Kucera alikuwa amelichelewesha hilo makusudi. Mabakuli yakiisha, hodi nazo zinaisha. Lakini Alhamisi moja ya mwezi wa Machi aliliosha tena, ingawa lilikuwa safi, akaliweka kwenye kiti cha abiria cha pikapu, akalifunga mkanda, akaenda nalo mkahawani.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Alhamisi kwa Rhonda ni siku ya chili, ule mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, na huko Nebraska chili inaliwa na mkate mtamu wa mdalasini uliosokotwa kama konokono. Unauchovya humo humo. Anayeuliza kwa nini, huyo ni mgeni.

Kwenye meza kubwa ya duara karibu na dirisha walikaa wanaume wale wale, Leland Otte na wenzake, wakulima wazee waliokwisha kuwaachia watoto mashamba lakini hawakumwachia mtu ile meza. Katikati yao alikaa Emil, mume wa Verna, aliyezikwa mwezi uliopita.

Alikuwa amevaa suti ya buluu aliyozikwa nayo. Kichwani alikuwa na kofia yake ya kampuni ya mbegu, ambayo Verna aliitafuta nyumba nzima siku ya mazishi asiione. Kumbe ilibaki kwenye ndoano ya mkahawa. Mgongoni koti lilikuwa limepasuliwa kuanzia kola hadi chini, kama wanavyofanya waandaaji wa maiti ili nguo iingie kwa urahisi, na mtu alikuwa ameliunga kwa pini.

"Pini ni zangu," Rhonda alisema akipokea bakuli. "Alikuwa anapigwa na upepo wa mlangoni. Asante, mama, ungekaa nalo tu."

"Tangu lini?"

"Kesho yake ya mazishi. Alikuja saa yake ile ile." Rhonda alifuta kaunta mahali pasipokuwa na uchafu. "Tulidhani unajua. Kila mtu alidhani mwenzake kakwambia. Halafu tukasema, labda ni mambo ya nyumbani kwao, tusijiingize."

Holbeck, kutojiingiza ndiyo adabu ya kwanza. Watu wa pale wanaweza kuiona nyumba yako inaungua, wakangoja kwanza kujua kama hukuiwasha mwenyewe.

"Anakula nini?"

"Mayai. Hayapungui, ila yanapoa mpaka yanagonga sahani kama mawe. Na kahawa kibao. Ikigusa mdomo wake tu, barafu, inabidi nimbadilishie."

Verna aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye meza ya watu wawili karibu na mlango wa choo, wanakokaa wake za watu. Hakuna aliyewahi kuwakataza wanawake meza ya duara. Hakuna pia aliyewahi kuwakataza waumini kukaa juu ya madhabahu. Hata Rhonda, mwenye mkahawa, aliihudumia meza ile miaka yote akiwa amesimama.

Kutoka pale choo kilipo, Verna alimsikiliza mumewe. Nyumbani Emil alikuwa mtu wa maneno machache: chumvi, mvua inakuja, nakwenda kulala. Verna alikuwa amekubali kwamba ndivyo alivyoumbwa, kama mwingine anavyoumbwa mfupi. Sasa alimsikia akisimulia habari ya jirani na trekta lililozama kwenye tope, akiiga sauti ya jirani, akiiga na ya trekta. Alijua mahali pa kunyamaza ili wenzake wacheke. Wakacheka. Halafu wakahamia kwenye magoti yao, na bei ya mahindi, na mvua.

"Tomas wangu angetimiza miaka hamsini mwezi huu," Emil alisema.

"Angekuwa na upara," Leland akajibu. "Kwa ukoo wako? Asingechomoka."

"Angekuwa na nywele za mama yake. Alizaliwa nazo. Nyekundu, kama bati lenye kutu. Nilizigusa."

"Mwaka jana ulisema kahawia, mzee."

"Zilikuwa zimelowa. Zikikauka zinakuwa nyekundu."

Mmoja wao akampigapiga begani. Mkono ulirudi na chembe za barafu, akaupangusa kwenye suruali.

Verna alikuwa ameshika kijiko. Tomas alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa alfajiri na kufa kabla ya jioni. Yeye hakumwona. Siku hizo wanawake waliojifungua walichomwa dawa ya usingizi, na alipozinduka, Emil na padri walikuwa wameshamaliza kila kitu na jeneza dogo limeshafukiwa. Aliwahi kumuuliza Emil mtoto alikuwaje. Emil alichukua kofia akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Verna hakuuliza tena. Miaka yote hiyo alikuwa amemlilia mtoto asiye na sura, akimvika sura za watoto wa watu aliowaona dukani, na huku ile sura yenyewe ilikuwa inatolewa hapa kila mwezi wa Machi, kwa kahawa.

Emil aliposimama kuondoka, alipita karibu na meza ya Verna.

"Emil."

Akasimama. Akagusa ukingo wa kofia. "Verna."

"Utarudi nyumbani?"

Alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu, mtu aliweza kuona. "Nimeshakula," akasema, akatoka.

Dirishani Verna alimwona akitembea kando ya barabara kuelekea makaburini, akiipita minara ya nafaka. Kila pikapu iliyopita, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama salamu ya huko ilivyo, na Emil akainua chake.

Jioni hiyo Verna alikanda unga, akaoka mikate ya mdalasini, akaacha mlango wa jikoni wazi ili harufu isafiri na upepo. Akaja mbwa wa jirani. Verna akampa mmoja, mwingine akaula mwenyewe, amesimama kwenye sinki, kama wanavyokula watu wasiokuwa na wa kumwandalia.

Kesho yake aliwahi kuliko wanaume. Alikaa kwenye kiti cha Emil. Ubaridi wa kiti ulipenya koti na sketi na kila kilichokuwa chini yake, lakini alitulia. Wanaume wakaingia mmoja mmoja, wakasimama na kofia zao.

"Shemeji," Leland alisema taratibu, kama mtu anayemsogelea farasi aliyekatika kamba. "Hicho ni kiti cha Emil."

"Najua cha nani. Kaeni."

"Pale pako pana joto zaidi."

"Pale pangu ni chooni, Leland."

Mmoja akakohoa ili asicheke. Hakuna aliyekaa.

Emil aliingia saa yake ile ile. Wanaume wakampisha. Akaja akasimama nyuma ya kiti, na kahawa ya Verna ikafanya utando wa barafu ndani ya kikombe. Verna hakugeuka.

"Nywele zilikuwa nyekundu," alisema. "Haya, nimesikia. Na macho? Alilia? Vidole vyake vilikuwa vya nani? Usiniambie mimi kama huwezi. Waambie hawa, kama ulivyozoea. Mimi nitasikiliza tu. Ila nitasikilizia hapa."

Kabati la baridi la kuwekea pai lilikuwa linanguruma. Rhonda alisimama na birika la kahawa, hamimini. Emil aliizungusha kofia mikononi.

"Ngoja nikaangalie ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe uliwauza, Emil. Ulipoanza kuumwa magoti."

"Hata hivyo."

Akatoka nje akasimama upeponi, mgongo wake kwenye kioo. Verna alibaki akizitazama zile pini.

Leland akajipiga mapaja kwa viganja viwili, akasema, "Haya basi." Huko maneno hayo yanafunga kikao chochote, hata ndoa. Wazee wakaenda upande wa jikoni, wakaunganisha meza mbili ndogo, wakabanana. Mmoja akafungua mlango wa nyuma akamwita Emil azunguke. Emil akaingia kwa huko, akaketi, na kabla mayai yake hayajafika alikuwa ameshaanza kumwiga mtu.

Ikawa hivyo. Wasafiri wanaoshuka kutoka barabara kuu kwa ajili ya chili wanamkuta bibi mmoja kwenye meza ya watu wanane, na watu wanane, mmoja akiwa ndani ya suti ya pini, wamebanana kama dagaa kwenye kopo. Wanaomba tomato sosi, wanakula, wanaondoka. Machi ikirudi, wazee wanainamisha vichwa na kushusha sauti. Verna anaacha kutafuna ili asikie. Mashine ya kuosha vyombo iko upande huo, na hakisikiki kitu.

Siku moja Rhonda alimletea chili, akakaa. Alikuwa wa kwanza kukaa naye pale, na alikaa kwenye ncha ya kiti tu.

"Nimetumwa," alisema.

"Na Leland."

"Na wote. Wanasema viuno vinawauma. Wanasema ukiomba radhi, hata kwa kunong'ona, hata ukiniambia mimi nikafikisha, basi yameisha. Watarudi hapa, nawe urudi pale pako. Na Emil kakubali."

"Kasemaje?"

"Hakusema. Kaitikia kwa kichwa."

Verna alichana kipande cha mkate wa mdalasini, akakichovya kwenye mchuzi, akala mpaka kikaisha.

"Waambie siombi."

"Mama, nitawaambiaje hivyo? Hawa ni wateja wangu. Niseme basi kwamba unafikiria."

"Usiseme nafikiria. Sifikirii. Nimekaa kwenye kiti na nimeuliza habari za mwanangu. Siombi radhi."