Mipira Thelathini kwa Siku

Miezi miwili baada ya kumzika mumewe, mshonaji mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi aliingia chumba chake cha kushonea akamkuta shemeji yake amekaa kwenye benchi la wateja. Suti imenyooshwa, miguu imekunjwa, karatasi mapajani. Fundi alikuwa na pini tano mdomoni na shati la mtu mkononi. Akazitema pini kwenye kisahani, akamsalimu, akangoja.

"Shemeji, ni jambo dogo tu," alisema yule bwana. "Kaka alikuwa mwanachama wa klabu ya gofu miaka kumi na tisa. Mimi siku zote nimecheza kama mgeni wake. Sasa nafasi yake ipo tu, haina mtu. Ukitia sahihi hapa inahamia kwangu, inabaki kwenye ukoo."

"Na ikibaki kwangu, itakuwa imetoka kwenye ukoo?"

Shemeji akacheka. "Wewe? Hata fimbo yenyewe hujui inashikwa upande gani."

Ilikuwa kweli. Katika miaka yote hiyo Fundi alifika klabuni mara nne, kwenye chakula cha mwisho wa mwaka, akakaa barazani na wake wengine wa wanachama wakizungumzia magoti yao. Lakini kile kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Angeomba kwa upole, huenda angepewa na chai juu.

Fundi aliichukua karatasi akaisoma mpaka chini, kwa ile tabia yake ya kupima mara mbili kabla ya kukata. Huko chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na kifungu: mjane anaweza kurithi nafasi ya marehemu, mradi ndani ya nusu mwaka amalize mashimo yote kumi na nane kwa mapigo yasiyozidi mia moja na ishirini, mbele ya mmoja wa viongozi.

"Kumbe imebaki miezi minne," alisema.

"Shemeji, kifungu hicho kiliandikwa na watu waliojua hakuna mjane atakayejaribu."

"Basi hawakunijua mimi." Akairudisha karatasi bila sahihi, akachukua pini zake.

Binti yake, muuguzi wa zahanati, alipopata habari hakuficha wasiwasi. "Mama, una miaka hamsini na sita. Na huo mgongo?"

"Mgongo ni wangu. Wewe niambie niupake nini."

Alianza kama alivyowaona wanaume wakifanya. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alikwenda uwanja wa mazoezi wa klabu, akajaza ndoo mipira mia, akachomoa fimbo ndefu kuliko zote kwenye mfuko wa marehemu, akapiga mpaka ndoo ikawa tupu. Mmoja ulipaa, tisa ikatambaa kama mijusi. Viganja vikatoka malengelenge, akawa anavuta uzi kwa meno. Mwishoni mwa mwezi akajaribu kuzunguka mashimo yote peke yake. Alitumia mapigo mia moja sitini na tatu, na njiani akapoteza mipira kumi na moja.

Habari haina miguu lakini hufika. Siku iliyofuata shemeji alipita kuacha suruali yake ishonwe. "Nasikia umetuchimbia visima kule," alisema, akatoka akitabasamu. Fundi aliishona suruali vizuri vilevile, kwa sababu kazi ni kazi.

Asubuhi ya kesho yake alikuwa amefika mpira wa sitini hivi, jasho linamwingia machoni, mara mashine kubwa ya kukata nyasi ikazimwa nyuma yake. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa mwanamke wa rika lake, kofia pana, buti za mpira. Klabuni aliitwa Mama Mashine.

"Samahani, dada. Si wewe ndiye unayeshona pale karibu na posta?"

"Ndiye mimi."

"Mwanafunzi akija kwako siku ya kwanza, unampa suti?"

"Nampa kitambaa chakavu. Anashona mstari mnyoofu mpaka nichoke mimi kumtazama."

"Sasa mbona hapa umeanza na suti?"

Fundi akaiegemea fimbo. Mama Mashine akashuka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mimi nimekata nyasi hizi miaka ishirini na miwili. Hawa mabwana nawajua mmoja mmoja kwa mashimo wanayoacha. Wanapiga mia, mia mbili, kama wanafukuza kunguru. Hakuna anayejua mpira wake ulikuwa unakwenda wapi. Wakiingia mchezoni, wanafika pale karibu na bendera ya shimo, hatua ishirini tu, wanahangaika kama kuku mwenye uzi mguuni."

"Na wewe hucheza?"

"Wafanyakazi hawaruhusiwi," alisema, kama mtu anayetaja saa, akapanda mashine yake.

Maneno hayo Fundi alikwenda nayo dukani. Alikuwa na daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Aliporudi tena kuzunguka mashimo yote alilichukua, na kila pigo akaliandika: limetoka wapi, limeishia wapi. Jioni alikaa mezani na binti yake wakahesabu. Mapigo mia moja hamsini na tisa, na zaidi ya tisini kati ya hayo aliyapiga akiwa ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye bendera. Ile fimbo ndefu, iliyomtoa malengelenge mwezi mzima, aliitumia mara kumi na nne tu.

"Mama," binti alisema, "umekuwa ukimtibu mgonjwa mguu na anaumwa jino."

Tangu siku hiyo ndoo ya mia ikaachwa. Mipira ikawa thelathini, basi. Kumi ya kwanza aliipiga karibu na bendera, kutoka hatua kumi, ishirini, thelathini, na hakurudia umbali uleule mara mbili mfululizo, maana kiwanjani hakuna anayekupa pigo moja mara mbili. Kumi ya pili ilikuwa ya fimbo mbalimbali, leo hii, kesho ile, na kwa kila mpira alisimama kwanza nyuma yake, akachagua mti au kichaka, akavuta pumzi, ndipo akasogea. Alilaza utepe wake wa kupimia chini, mbele ya vidole vya miguu, akagundua kwamba mwezi mzima alikuwa amesimama akiutazama uzio huku akidhani anaitazama bendera. Na kumi ya mwisho aliisukuma shimoni kutoka hatua moja. Ilikuwa lazima iingie yote kumi kwa mfuatano. Ukikosa wa tisa, anaanza moja.

Mshiko nao aliubadilisha bila kufundishwa na mtu. Alikumbuka anavyowakaripia wanafunzi: ukikikaba kitambaa, sindano inavunjika. Akalegeza vidole, na malengelenge yakaanza kupona.

Mchana, wateja wakipungua, alitandika kipande cha zulia kati ya cherehani mbili, akaweka kikombe cha bati ukutani, akawa anasukuma mpira. Mzee mmoja aliyekuja kupimwa koti alikaa akimtazama robo saa nzima. "Mwanangu," aliuliza hatimaye, "hii ni dawa au ni adhabu?"

"Bado sijajua, mzee. Inua mkono nikupime."

Hesabu zikaanza kushuka. Mia moja arobaini na nane. Mia moja thelathini na tisa. Mia moja thelathini na moja. Hapo zikagoma. Wiki tatu zilikwama palepale kama punda kwenye matope, na siku moja Fundi aliporudi nyumbani aliutupa mfuko wa fimbo uvunguni mwa kitanda na kusema hataki kuuona tena. Asubuhi, saa kumi na mbili, Fundi mwenyewe alipiga magoti kwenye sakafu baridi, akauvuta mfuko nje.

Zilipobaki siku kumi na tano alimwandikia nahodha wa klabu kwamba yuko tayari.

Nahodha alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, anayependa kila mtu arudi nyumbani na furaha. Shemeji naye akaja, "kushuhudia tu," akawa anatembea nyuma yao mikono mgongoni. Fundi alicheza bila kumtazama. Kila mpira aliusimamia nyuma, akachagua mahali, akavuta pumzi. Mara mbili shemeji alikohoa wakati fimbo iko juu. Mara zote mbili Fundi aliishusha, akaanza upya.

Alifika shimo la kumi na nane akiwa na mapigo mia moja kumi na matatu. Alikuwa amebakiwa na saba tu. La kwanza likaenda vizuri. La pili likatumbukia kwenye dimbwi la mchanga kando ya bendera. La tatu likabaki mchangani. La nne likabaki mchangani. La tano likatoka. La sita likasogea likasimama hatua moja kutoka shimoni, hatua ileile aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miezi miwili. Fundi akainama. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mpira ukapita ukingoni mwa shimo, ukaendelea na safari yake.

La nane likaingia. Mia moja ishirini na moja.

Nahodha alikuna kidevu kwa kalamu. "Mchanga ule umeshindiliwa na mvua ya jana. Si haki. Tuseme mia moja na ishirini, tumalize. Nani atauliza?"

"Mpe tu, nahodha," shemeji alisema kwa sauti ya upole. "Ni mjane, tumwonee huruma."

"Andika mia moja ishirini na moja," Fundi alisema.

"Lakini, Fundi..."

"Nikipewa kwa huruma, siku moja nitanyang'anywa kwa hiyohiyo huruma, na sitakuwa na mdomo wa kusema. Andika ulichokiona. Je, kanuni inasema mtu ajaribu mara ngapi?"

Nahodha akatoa kijitabu mfukoni, akapekua. "Haisemi."

"Basi zimebaki siku kumi na tatu. Tutaonana."

Hakwenda nyumbani. Aliuburuta mfuko wake moja kwa moja hadi kwenye ule mchanga, akasimama ndani yake akiutazama kama mtu anayemtazama mdeni. Mama Mashine alikuja na reki ya kuusawazishia.

"Unaugombania mpira," alisema. "Uache. Piga mchanga ulio nyuma yake, mchanga ndio uutoe." Akachora mstari kwa ncha ya reki. "Kwanza bila mpira. Fimbo iingie hapa, kila mara, hapahapa."

Kwa siku nne Fundi hakuweka mpira mchangani. Alichora mistari, akaipiga, akaangalia fimbo imeingilia wapi. Siku ya tano akaweka mpira vidole viwili mbele ya mstari. Ukapanda laini, ukatua karibu na bendera, na Mama Mashine, aliyekuwa mbali juu ya mashine, akapiga honi. Zile siku zote kumi na tatu hakugusa fimbo ndefu hata mara moja. Ni mchanga, na hatua moja. Na ile hatua moja sasa aliifanya mwisho kabisa, akiwa amechoka na mikono inatetemeka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku ile.

Jaribio la pili lilifanyika siku ya mwisho. Shemeji alikuja tena, lakini safari hii alikaa barazani. Fundi aliingia mchangani mara mbili, na mara zote mbili akatoka kwa pigo moja. Shimo la saba lilimtesa, akatumia mapigo kumi. Hakulitazama tena nyuma. Aliposukuma mpira wa mwisho ukazama, nahodha alihesabu, akahesabu tena kwa kidole, akasaini.

Mia moja kumi na sita.

Shemeji aliteremka ngazi za baraza. "Hongera, shemeji," alisema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha, baada ya kutazama viatu vyake: "Basi Jumamosi utaniingiza kama mgeni wako. Kama kaka alivyofanya."

"Mgeni wa Jumamosi nimeshampata."

Ubao wa Jumamosi ulikuwa ukutani karibu na mlango. Fundi aliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza kabisa, saa moja asubuhi, saa ambayo kwa desturi ilikuwa ya wakubwa wa klabu. Chini yake, kwenye nafasi ya mgeni, akaandika: Mama Mashine.

Nahodha alisoma, akatoa tena kijitabu chake. "Huyu ni mfanyakazi, Fundi."

"Soma kifungu cha wafanyakazi. Mimi nilikisoma jana."

Nahodha akasoma. Mfanyakazi hatacheza saa za kazi. Jumamosi Mama Mashine hakuwa kazini. Alipoambiwa habari hiyo, mwanamke yule aliizima mashine yake. "Miaka ishirini na miwili," alisema. "Niliambiwa tu hairuhusiwi. Sikuuliza."

Jumamosi, saa moja kamili, wanaume wanne walisimama nyuma yao wakitazama saa. Fundi akachagua mti wake, akavuta pumzi, akapiga. Mpira ukaenda vichakani upande wa kushoto. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Mama Mashine akafuata. Fimbo yake ilichimba bonge la nyasi, bonge likaruka mbali kuliko mpira. Akaliendea polepole, akaliokota, akalirudisha kwenye kidonda chake ardhini, akalikanyaga kwa kisigino, akainama kuhakikisha limekaa sawa.

"Tunachelewa, mama," alisema mmoja wa wale wanne.

"Subirini," alimjibu bila kugeuka, akainama tena.